Alsatian: Mchungaji wa kondoo aliyegeuzwa askari

NA MWANDISHI WETU

Msomaji, ukipita katika mitaa ya Nairobi, Nakuru au Eldoret ambako watu wamejaliwa nyumba yenye ua na geti, hutakosa kuona kibao cha bati kilichoandikwa "Mbwa Kali". Mara nyingi pana picha ya kichwa cha mbwa, masikio wima, ulimi nje. Hata pale ambapo mwenye nyumba anafuga mbwa koko anayelala mchana kutwa chini ya gari, picha iliyo kibaoni huwa ya mbwa yule yule mmoja. Wengi wetu humwita Alsatian, wengine German Shepherd, na watoto humwita tu mbwa wa polisi.

Katika mtaa wetu wa Buruburu alikuwako mmoja. Jina lake lilikuwa Simba. Alikuwa wa jirani yangu, na kila asubuhi na jioni alikuwa na desturi ambayo hakuna aliyemfunza. Alizunguka kiwanja chao mchakamchaka, akiambaa na ukuta, huku na huku, bila kubweka, mpaka nyasi zikafa na kikabaki kijia chembamba cha udongo mwekundu. Sisi majirani tulidhani anatafuta tundu la kutorokea.

Simba alipotimiza miaka 7 miguu ya nyuma ilianza kuyumba. Akawa anainuka kwa shida kama mzee aliyekaa sana kwenye mkeka. Mwaka uliofuata hakuinuka kabisa. Daktari wa mifugo aliitwa, akampapasa nyonga, akatikisa kichwa, na jioni hiyo akamchoma sindano ya mwisho. Kijana wa nyumba hiyo, mwanafunzi wa shule ya msingi, alikuja kwangu macho mekundu akaniuliza, "Aunti, si mbwa wa polisi huwa na nguvu? Mbona Simba alishindwa hata kusimama?"

Sikuwa na jibu. Nilipoanza kulitafuta niligundua kwamba linaanza zaidi ya miaka 120 iliyopita katika malisho ya Ujerumani, na kwamba kile kijia cha udongo mwekundu ni sehemu ya jibu hilo.

Ua lenye miguu minne

Jina lenyewe la Kijerumani, Deutscher Schäferhund, maana yake ni mbwa wa mchungaji wa Kijerumani. Mchungaji wa kondoo, si yule wa kanisani! Kabla ya kukamata mwizi yeyote, kabla ya kunusa bangi au baruti, mbwa huyu alikuwa mfanyakazi wa malishoni.

Zamani huko Ulaya adui mkubwa wa mfugaji alikuwa mbwa mwitu, yule wa hadithi za watoto. Mfugaji alihitaji mbwa mkubwa, mzito, mwenye shingo nene, wa kupigana naye. Lakini kufikia karne ya 19 mbwa mwitu walikuwa karibu kumalizwa Ujerumani kwa bunduki na mitego. Yule mbwa pandikizi la baba akawa anakula bure. Kilichohitajika sasa ni mbwa mwepesi, mwenye akili, asiyechoka.

Kwa nini asiyechoka? Hapa yafaa tusimame kidogo.

Kila Mkenya aliyewahi kuchunga anajua balaa la ng'ombe kuingia katika shamba la jirani. Dakika tano za uzembe, mahindi ya watu yameliwa, na jioni wazee wanakuja nyumbani kudai fidia. Sasa jaribu kuwaza kondoo 300 wakipitishwa katika njia nyembamba, ngano ya mtu huku, viazi vya mtu kule, na hakuna ua wala seng'enge popote. Hayo ndiyo yalikuwa maisha ya mchungaji wa Kijerumani katika sehemu nyingi za nchi. Kondoo walitembezwa kutoka kipande kimoja cha malisho hadi kingine, na kila upande palikuwa na kitu ambacho hawakuruhusiwa kuonja.

Ua ulikuwa mbwa. Mchungaji alimwonyesha mpaka, pengine mfereji wa jembe tu kati ya majani na ngano, naye mbwa akaanza kupita juu ya mfereji huo mchakamchaka, kwenda na kurudi, kutwa nzima. Kondoo aliyeinua mguu kuvuka alirudishwa. Mkaidi alibanwa kwa meno shingoni, ubavuni au pajani, akaachiwa papo hapo bila kutolewa damu. Mbwa aliyemjeruhi kondoo hakuwa na kazi kesho yake. Mara nyingi walikuwa mbwa wawili, mkuu na msaidizi wake, kila mmoja na upande wake wa kundi.

Huu ni uchungaji tofauti na ule wa mbwa wa Uskoti na mpaka wa Uingereza, Border Collie, ambaye huzunguka mbali, akainama chini kama paka anayewinda, na kuwakusanya kondoo kwa kuwatumbulia macho. Ni tofauti pia na kazi ya mbwa wa wafugaji wetu wengi, ambao hubweka fisi au chui anapokaribia boma. Kuswaga ng'ombe ni kazi ya mchungaji na fimbo yake. Mbwa wa Kijerumani yeye alikuwa mlinzi wa mpaka. Alipaswa kujua ni wapi ndani na ni wapi nje, na kuamua mwenyewe wakati bwana wake yuko mita 200 mbali, amemgeuzia mgongo.

Simba wa Buruburu hakuwahi kumwona kondoo isipokuwa siku ya sikukuu. Lakini sasa tunajua alikuwa akifanya nini kando ya ule ukuta.

Kapteni na mbwa aliyemwona maonyeshoni

Wakati huo hapakuwa na mbwa mmoja wa Kijerumani. Kila jimbo lilikuwa na wake. Wale wa Thuringia walikuwa wadogo, wa rangi ya kijivu kama mbwa mwitu, masikio yamesimama. Wale wa Württemberg walikuwa wakubwa na wenye mwendo mzuri. Wachungaji hawakujali sura. Mbwa aliyefanya kazi vyema ndiye aliyezalishwa, basi.

Mwaka wa 1891 waungwana fulani walianzisha chama kilichoitwa Phylax ili kuunda mbwa mmoja wa taifa. Chama hicho kilidumu miaka mitatu tu kikavunjika. Wengine walitaka mbwa mrembo, wengine wakataka mbwa wa kazi, na hawakupatana. Weka ugomvi huo akilini, msomaji, kwa sababu haujaisha hadi leo.

Aliyefaulu alikuwa kapteni wa kikosi cha wapanda farasi, Max von Stephanitz, aliyezaliwa mwaka wa 1864. Alikuwa na shamba mahali paitwapo Grafrath, huko Bavaria. Tarehe 3 Aprili, 1899, alikwenda kwenye maonyesho ya mbwa katika mji wa Karlsruhe pamoja na rafiki yake Arthur Meyer. Hapo akamwona dume mmoja wa miaka minne aitwaye Hektor Linksrhein, rangi ya kijivu na manjano, mwili mkavu usio na mafuta, mwenye sura ya mbwa mwitu na utulivu wa mtumishi. Akamnunua siku hiyo hiyo na kumpa jina jipya: Horand von Grafrath.

Siku 19 baadaye, Aprili 22, Stephanitz na wenzake, miongoni mwao wachungaji wa kondoo wenyewe, walianzisha chama cha mbwa huyo, ambacho kwa kifupi huitwa SV na kipo mpaka sasa. Horand aliandikwa nambari 1 katika daftari la nasaba. Hivyo basi Alsatian yeyote halisi unayemwona leo, awe uwanja wa ndege, awe getini kwa tajiri wa Karen, nasaba yake inarudi kwa mbwa huyo mmoja.

Jambo hilo ni sifa na pia ni tatizo. Stephanitz alikuwa na haraka. Alimzalisha Horand na majike wengi, kisha akazalisha watoto na wajukuu wao kwa wao, hasa kupitia kwa mwanawe, Hektor von Schwaben. Mkulima anaelewa. Ukichagua mbegu ya msimu ujao kutoka gunzi moja lililo bora, mahindi yako yatafanana vizuri sana, na yote yataugua ugonjwa mmoja.

Hata hivyo, kapteni huyo hakuwa mtu wa mapambo. Msimamo wake ulikuwa kwamba uzuri wa mbwa ni kazi anayoifanya, na mbwa asiyeweza kufanya kazi si mzuri hata akiwa na manyoya ya dhahabu. Alitaka mwili wa kukimbia mchakamchaka siku nzima, na kichwa cha kujua mpaka. Mengine kwake yalikuwa porojo.

Kazi inapokwisha

Kisha kazi ikaanza kupotea. Viwanda vilikuwa vikimeza malisho ya Ujerumani, reli zikikatiza njia za kondoo, na sufi ya bei rahisi ikija kwa meli kutoka Australia. Makundi ya kondoo yakapungua mwaka baada ya mwaka. Stephanitz akaona kwamba mbwa wake amepata jina wakati ule ule anaponyimwa ajira. Hali hiyo si ngeni kwa vijana wetu wenye diploma.

Akaanza kumtafutia kazi nyingine. Nchini Ubelgiji, mji wa Ghent ulianza kutumia mbwa wa polisi mwaka wa 1899, na miji ya Ujerumani ilikuwa ikijaribu vivyo hivyo. Stephanitz aliwafuata maafisa wa polisi na wa jeshi akiwashawishi wajaribu mbwa wake. Wengine walimcheka, lakini akashikilia. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Mbwa anayejua kulinda mpaka wa ngano anaweza kulinda mpaka wa ghala; anayembana kondoo bila kumuua anaweza kumbana mtu vivyo hivyo; na anayesikiliza filimbi katikati ya kondoo 300 atasikiliza amri katikati ya umati.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipolipuka mwaka wa 1914 mbwa hao waliingia kwa maelfu. Walibeba barua kati ya mahandaki, walilinda zamu, na waliwatafuta majeruhi gizani.

Katika vita hivyo kulizaliwa kazi ambayo mimi huihesabu kuwa ndiyo ya heshima zaidi aliyowahi kupewa mnyama huyu. Askari wengi walirudi wakiwa vipofu, baadhi kwa sababu ya gesi ya sumu. Mwaka wa 1916, Dkt Gerhard Stalling alifungua shule katika mji wa Oldenburg ya kuwafunza mbwa kuwaongoza vipofu. Tazama tena: ni kazi ile ile ya mpaka. Mbwa hujua ni wapi njia na ni wapi hatari, akasimama mwenyewe bila kuambiwa, na hata kukataa amri ya bwana wake ikiwa amri hiyo itampeleka mtaroni.

Bibi mmoja Mmarekani aliyeishi Uswisi, Dorothy Harrison Eustis, alizuru shule kama hiyo huko Potsdam na kuandika juu yake katika gazeti moja la kwao mnamo Novemba 1927. Makala hayo yalisomewa kijana kipofu wa Nashville, Morris Frank, ambaye alikuwa amechoka kushikwa mkono kama mtoto. Akamwandikia. Mwaka wa 1928 akasafiri hadi Uswisi, akarudi na jike la Alsatian jina lake Buddy, na waandishi wa habari wa New York wakasimama kando ya barabara wakitazama kipofu na mbwa wake wakivuka katikati ya magari na malori. Mapema mwaka wa 1929 wakaanzisha shule yao, The Seeing Eye, ambayo ingali inafanya kazi. Siku hizi shule za aina hiyo hutumia zaidi mbwa wa Labrador, lakini njia ilifunguliwa na mchungaji wa kondoo.

Jina la kujificha

Huenda unajiuliza hili jina la Alsatian lilitoka wapi. Lilitoka kwenye chuki. Baada ya vita wanajeshi wa Uingereza walirudi nyumbani wakisifu mbwa waliowaona kwa adui, na wengine wakaja nao. Lakini ni nani London angetembea barabarani na kitu chenye jina la Kijerumani? Hata ufalme wenyewe ulikuwa umeacha jina lake la Kijerumani mwaka wa 1917 na kujiita Windsor. Basi mbwa akapewa jina la Alsace, jimbo la mpakani ambalo Ufaransa ilikuwa imelirudisha kutoka kwa Ujerumani. Kwa kuwa Kenya ilikuwa chini ya Mwingereza, jina hilo la kujificha ndilo lililotufikia. Waingereza wenyewe walimrudishia jina lake la Kijerumani mwaka wa 1977. Sisi hatujaambiwa.

Mwanzoni walimwita pia mbwa mwitu wa Alsace, na hilo likawa kosa kubwa. Watu waliamini kweli ana damu ya mbwa mwitu. Nchini Australia wafugaji waliogopa kwamba atazaana na mbwa wa porini wa kwao, dingo, na kuzaa majitu ya kuangamiza mifugo. Mwaka wa 1929 serikali ikapiga marufuku kumwingiza nchini, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi miaka ya 1970. Mchungaji akafungiwa mlango kwa hofu kwamba atawala kondoo!

Kwingineko alikuwa akiabudiwa. Mwanajeshi Mmarekani, Lee Duncan, aliokota vilebu katika kijiji kimoja cha Ufaransa kilichobomolewa kwa mabomu mnamo Septemba 1918. Mmoja wao aliitwa Rin Tin Tin, na katika miaka ya 1920 akawa nyota wa sinema wa Hollywood mpaka alipokufa mwaka wa 1932. Kila mtoto akamtaka. Katika Uingereza mbwa walioandikishwa mwaka wa 1919 walikuwa 54. Kufikia 1926 kwa mwaka mmoja walizidi 8,000.

Mnyama anapotakiwa kwa kasi hiyo, hakuna anayeuliza kama mama yake alikuwa mzima. Vilebu vilizalishwa kama vifaranga. Huko Ujerumani mbwa wakawa warefu mno, miguu mirefu kama swara, baadhi yao waoga. Mwaka wa 1925 Stephanitz, akiwa mwamuzi, alimpa ubingwa Klodo vom Boxberg, mbwa mfupi zaidi na mwenye mwili mrefu, makusudi ili wafugaji wamfuate huyo na kuacha mtindo uliokuwa ukipotea njia.

Hilo lilikuwa karibu pigo lake la mwisho. Wafuasi wa Hitler walipotwaa madaraka mwaka wa 1933 waliingilia hata vyama vya mbwa. Mzee akasukumwa nje ya chama alichokiunda mwenyewe. Alikufa tarehe 22 Aprili, 1936, siku ile ile ambayo chama chake kilitimiza miaka 37.

Hakuona yaliyofuata. Mbwa wake walisimamishwa kwenye kambi za Wanazi kuwalinda wafungwa waliokuwa wakipelekwa kuuawa. Mwaka wa 1963 picha kutoka Birmingham, jimbo la Alabama huko Marekani, zilionyesha ulimwengu polisi wakiwaachilia mbwa wawararue vijana weusi waliokuwa wakiandamana kudai haki. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi nayo ilimjua vyema. Mbwa hachagui mpaka. Huonyeshwa mfereji, akaulinda, na aliyeuchora ndiye wa kuulizwa.

Mgongo ulioinama

Sasa turudi kwa Simba.

Baada ya Vita vya Pili ule ugomvi wa mwaka wa 1891 ulirudi kwa nguvu. Upande mmoja walikuwa wafugaji wa mbwa wa kazi, upande wa pili wafugaji wa mbwa wa maonyesho. Uwanjani mbwa hukimbizwa mchakamchaka mbele ya waamuzi, na waamuzi walipenda mwendo wa kuruka angani, hatua ndefu, kama mbwa anayeteleza juu ya maji. Ili kuupata, wafugaji walichagua mbwa wenye miguu ya nyuma iliyokunjika zaidi na zaidi. Kizazi baada ya kizazi mgongo ukainama kuelekea nyuma. Mtazame mbwa wa Stephanitz katika picha za kale: mgongo umenyooka kama wa punda. Kisha umtazame bingwa wa maonyesho wa siku hizi. Utadhani wa pili anataka kukaa.

Mnamo 2016 katika maonyesho makubwa ya Crufts huko Uingereza, jike mmoja alishinda katika kundi la aina yake ilhali watazamaji waliona kwenye runinga jinsi alivyokuwa akitembea kwa taabu. Kelele zilipigwa nchi nzima, na waandalizi wakalazimika kujieleza.

Ni vyema kuwa waangalifu hapa. Mgongo ulioinama na ugonjwa wa nyonga si kitu kimoja. Mbwa mwenye mgongo ulionyooka anaweza kuwa na nyonga mbovu pia. Ugonjwa wenyewe hutokea hivi: kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo kama mpira, nacho kinapaswa kutoshea katika kikombe cha nyonga. Kikombe kikiwa kifupi, mpira hucheza. Kila hatua husugua, gegedu linalika, mfupa unagusana na mfupa. Sehemu ya ugonjwa huu hurithiwa. Sehemu nyingine huchangiwa na malezi, hasa kilebu akilishwa kupita kiasi anenepe na kukua haraka kabla viungo havijakomaa.

Chama cha Ujerumani kilianza mwaka wa 1966 kupiga muhuri wa herufi "a" katika hati za mbwa waliopigwa eksirei ya nyonga na kukubaliwa. Imesaidia, lakini haikuumaliza ugonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 juu ya Alsatian wa Uingereza ulionyesha kwamba wanaishi takriban miaka 10, na kwamba magonjwa ya mifupa na viungo, pamoja na kushindwa kusimama, yalikuwa katika orodha ya mbele ya sababu za vifo vyao.

Majeshi na polisi wa nchi nyingi hawakungoja. Wamegeukia binamu yake mwepesi kutoka Ubelgiji, Malinois, ambaye hata hapa Kenya ametumiwa katika hifadhi za wanyama kuwafuata majangili. Kwa hiyo yule tunayemwita mbwa wa polisi anaendelea kunyang'anywa hata hiyo kazi ya pili.

Na kondoo je? Wangali wapo. Chama cha SV bado huandaa mashindano ya uchungaji, ambapo mbwa hupewa kundi la kondoo wasiopungua 200 apite nao barabarani, darajani na kando ya mazao. Washindi wake huwa hawana sura ya kibao cha geti. Wengine masikio yamelegea, manyoya yamechakaa, mgongo uko sawa. Lakini wachungaji wa kutembeza kondoo ni wachache, na wamepata taabu mpya: mbwa mwitu wamerudi. Mwaka wa 2000 walizaa porini katika jimbo la Saxony, na tangu hapo wameenea. Wafugaji wengine wa Ujerumani sasa wananunua mbwa wakubwa, wazito, wenye shingo nene, wa kulala na kundi usiku. Yaani yule pandikizi la baba ameitwa tena kazini.

Ukitaka kununua

Je, wewe uliye Nairobi, unayetaka kumpelekea mtoto kilebu Krismasi hii, ufanye nini?

Usinunue kando ya barabara, hata akuangalie namna gani kutoka ndani ya katoni. Nenda nyumbani kwa anayezalisha. Omba kumwona mama, na ikiwezekana baba. Usiridhike kuwaona wamelala: omba watembezwe, wapande ngazi, wainuke kutoka chini. Uliza kama walipigwa eksirei ya nyonga na ni daktari gani aliyeisoma. Usione haya kuuliza. Unakwenda kutoa maelfu ya shilingi. Dume aliyekomaa huwa na kilo 30 hadi 40, na jike 22 hadi 32, kwa hiyo anayekusifia dume la kilo 55 anakusifia mgonjwa. Kilebu akiwa kwako usimnenepeshe ili wageni washangae. Chanjo ya kichaa cha mbwa isikose. Na kama nia yako ni kumfunga mnyororo mchana na kumfungulia usiku, afadhali ununue kengele ya geti. Huyu ni mnyama aliyeumbiwa kutembea mpaka siku nzima pamoja na mtu wake. Ukimfunga, akili ile yote hugeuka kuwa ukali wa kipumbavu, na wa kwanza kuumwa huwa mtoto wa jirani.

Hayo ndiyo niliyomweleza yule kijana, kwa maneno machache zaidi. Alisikiliza, kisha akauliza kama yule daktari angeweza kujua mapema. Nikamwambia ndiyo, kama wazazi wa Simba wangepigwa picha kabla hajazaliwa.

Jumamosi mbili zilizopita mama yake alinichukua twende Kitengela kuona vilebu vilivyotangazwa. Vilikuwa sita, vinene, masikio bado hayajasimama, na mmoja aliniuma kamba ya kiatu. Kijana akamwuliza mwenyewe kwa adabu kama tungeweza kumwona mama yao akitembea. Yule bwana akasema mama amechoka, amelala nyuma ya nyumba, tusimsumbue. Kijana akasema tutangoja. Tulingoja karibu saa nzima, tukapewa soda, mama hakutoka. Tukashukuru, tukapanda matatu tukarudi mjini.

Bado wanatafuta. Kile kijia kando ya ukuta kimeanza kuota nyasi.